Siku Mtukufu Alipoingia Duarani

Kuna nchi moja ambayo sitaitaja. Si kwamba naogopa. Jina lake hubadilishwa kila Mtukufu anapoota ndoto, na mimi sipendi kukosea. Msomaji akiona inafanana na nchi yake, nampa pole.

Katika nchi hiyo serikali ilikuwa na adui mkubwa kuliko njaa, na adui mwenyewe alikuwa suruali pana.

Waziri wa Mwenendo Mwema, Mheshimiwa Daktari Ngwandu, aliita waandishi wa habari akawaeleza hatari hiyo kwa upole, kama mtu anayetangaza msiba. Suruali wanayoweza kuingia watu wawili, alisema, kisheria si vazi bali ni makazi, na makazi yasiyopimwa hubomolewa. Kapelo iliyogeuzwa nyuma ni ishara ya raia anayetazama alikotoka wakati taifa linasonga mbele. Halafu kuna hawa vijana wa hip hop wanaozunguka kwa kichwa, miguu hewani. Nyayo zao zinaelekea wapi? Juu. Na juu kuna nani? Waandishi walitazamana, kisha wakaandika.

Basi askari wakagawiwa mikasi. Ukikutwa na suruali pana unasimamishwa kando ya barabara, inapunguzwa ukiwa ndani yake. Nilimwona kijana mmoja akipunguzwa mbele ya mama mkwe wake. Askari alikata kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa anakula mhogo wa kukaanga, mafuta na makombo yakimdondokea yule kijana pajani. Mkasi niliuvumilia. Ule mhogo ndio ulionitia kinyaa, na mpaka leo siwezi kuutia mdomoni.

*

Sasa lazima niwaeleze sakafu, maana bila sakafu hamtaelewa kitu.

Mtaa wetu wote ni kokoto. Ukianguka unachubuka, ukikaa unachomwa. Lakini katikati ya kokoto hizo pana sakafu moja ya saruji, kubwa, laini, inayong'aa mvua ikinyesha kana kwamba imepakwa mafuta. Ni sakafu ya zahanati ya wazazi. Serikali iliimwaga, ikaisugua, Mheshimiwa mmoja akaja kukata utepe, akapigwa picha akiwa amemshika mtoto wa kuazima, na siku ile ile zahanati ikahesabiwa kuwa imekamilika. Kuta hazikuja. Paa halikuja. Nasikia wauguzi wake wanapandishwa vyeo kila mwaka, na mwaka juzi ilipewa tuzo ya usafi. Hapo siwezi kubisha. Hakuna zahanati safi kama isiyo na kuta za kushika uchafu wala wagonjwa wa kuuleta.

Wifi yangu Hidaya, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyegundua kwamba sakafu ile inafaa. Alianza peke yake na redio ndogo, akafuata msichana wa jirani, kisha wakawa kundi. Nguo zao walichimbua kwenye marobota ya mitumba: jinzi za wanaume warefu wa nchi za baridi, tisheti zenye majina ya timu wasizozijua, raba kubwa walizozijaza vitambaa mbele. Walizikata na kuzishona upya mpaka ukiwaona unasema hawa ndio walioshonewa, wale wazungu waliazima tu. Hidaya alizunguka kwa kichwa mpaka ukaogopa atatoboa saruji.

Na mimi sakafu ile nina deni nayo. Uchungu uliponishika, majirani waling'oa mlango wa chumba chetu wakanibeba juu yake kuelekea hospitali ya wilaya. Tulipofika penye sakafu, mwanangu Tunu akaona hakuna haja ya kuendelea na safari. Hidaya alizima muziki. Wasichana wakavua masweta yao yenye kofia wakayatandika ili nisilalie saruji, wakanizungushia khanga. Kwa hiyo mwanangu alizaliwa zahanati, kama serikali inavyotaka. Kilichokosekana ni zahanati tu.

Hidaya aliniambia siku ile kwamba siku kuta zikija wao watahama wenyewe, na matofali watabeba wao. Lakini kabla kuta hazijaja, sakafu ni yao.

*

Kisha akaja mgeni kutoka nchi tajiri, na nchi yetu ikabadilika dini.

Msafara ulikuwa unampeleka kwenye ngoma rasmi ya Wizara, ile ya wazee wanaovalishwa ngozi za wanyama na kuambiwa watabasamu. Gari la mbele likapata pancha penye mtaa wetu. Mgeni akasikia mdundo, akashuka, akamwona Hidaya yuko kichwa chini miguu juu. Akapiga makofi. Akapiga makofi tena. Mabalozi nyuma yake wakapiga. Mheshimiwa Daktari Ngwandu, ambaye mkono wake ulikuwa tayari umeinuliwa kuwaita wenye mikasi, aliutazama mkono ule, akautazama wa mgeni, akaukutanisha na mwenzake. Akapiga makofi kuliko wote.

Kesho yake asubuhi redio ilitangaza kwamba nchi imekuwa ikiipenda hip hop tangu uhuru. Wizara ya Mwenendo Mwema ikawa Wizara ya Mdundo na Mavazi ya Mtaani, waziri akiwa yule yule. Alitokea kwenye runinga amevaa jinzi pana kama hema, raba nyeupe ambazo karatasi ya dukani ilikuwa bado imening'inia, na cheni ya dhahabu iliyomkaba shingo mpaka nyama ikamwagikia juu yake, mbichi, inatoka jasho. Kwa kuwa suruali ilikuwa inamteleza na mkanda ulisemekana ni wa kikoloni, aliteuliwa afisa wa kuishikilia. Cheo chake ni Msaidizi wa Suruali. Hutembea nusu hatua nyuma ya Mheshimiwa, mkono ameutumbukiza kiunoni mwa bosi wake, uso mkavu kama wa mtu anayelinda benki. Nilikuwa namlisha Tunu uji. Nikamgeuza atazame ukutani.

Baada ya hapo kila mkubwa akataka Msaidizi. Wabunge waliingia bungeni kwa mwendo wa kudunda, bega moja chini, tumbo linafuata baadaye. Jinzi zilizochanika magoti zikawa sare ya makatibu wakuu, na kazi ya kuchana magoti ilipewa kampuni ya shemeji yake Mheshimiwa, ambayo nayo ilikuwa haina mkasi ikaazima mikasi ya askari.

Na sisi? Mitumba ikapigwa marufuku ili kulinda mavazi ya mtaani ya taifa, ambayo yanauzwa katika duka moja, la mke wa Mheshimiwa, mahali ambapo mtaa wetu haujawahi kufika hata kwa kupotea. Vijana wakaamriwa kuvaa suti ili wasichanganywe na viongozi. Askari wale wale, kwa mikono ile ile yenye mafuta, wakaanza kukamata waliovaa suruali nyembamba bila tai. Hidaya alizunguka kwa kichwa akiwa amevaa koti la marehemu babu yake, tai imemfunika macho.

*

Halafu wakaja kuitaka sakafu.

Alitumwa Afisa Mdundo wa Wilaya, Bwana Kisyeri, mtu mwembamba aliyevaa sweta lenye kofia jua la mchana, anachuruzika. Alisema kwa fahari kwamba Tamasha Kuu la Taifa litafanyika hapa, na Mtukufu mwenyewe atakuja. Ili asikanyage saruji, sakafu itafunikwa zulia jekundu la kubandika kwa gundi, na baada ya tamasha zulia litabaki milele.

Hidaya alimwambia kwamba juu ya zulia la gundi hakuna anayezunguka. Mwili unanata, shingo inavunjika.

Bwana Kisyeri alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayesikia joto. Akasema wafanye hivi: zulia lisubiri. Wasichana wacheze mbele ya Mtukufu. Mtukufu akifurahi, Afisa mwenyewe atamwombea Hidaya sakafu iachwe kama ilivyo, mikononi mwao. Asipofurahi, gundi iko tayari ndani ya mapipa. Mapipa yenyewe tuliyaona kwenye lori, yananuka kama samaki aliyesahauliwa.

Masharti yalikuwa machache. Wasitokwe jasho mbele ya Mtukufu. Mguu wa mtu usipande kuliko kichwa cha Mtukufu. Na Mtukufu ataingia katikati ya duara.

"Akiingia atacheza?" Hidaya akauliza.

"Mtukufu atahutubia."

"Mheshimiwa, duara lina adabu yake. Anayeingia katikati anacheza. Hata akicheza vibaya anashangiliwa, hata mtoto, hata mlevi. Lakini akiingia akasimama tu, tunamgeuzia mgongo mpaka atoke. Ndivyo ilivyo, hatujali ni nani."

Bwana Kisyeri alicheka kwa huruma. Akasema kuhutubia kwa Mtukufu ni kucheza kwa ngazi ya juu, sisi wa chini hatuwezi kuona miguu ikienda. Kisha akamwinamia Hidaya na kumnong'oneza, na hapo hakuwa anacheka: "Mdogo wangu, piga makofi. Ukipiga makofi sakafu ni yako. Mimi nitakuwa nyuma yako nakuombea."

Nilimwambia Hidaya maneno hayo hayo wakati tunaosha vyombo. Nilimwambia wifi, makofi ni nini, ni viganja tu, viganja havina dhambi. Akasema sawa. Akasema atapiga.

*

Mtukufu alikuja na manukato yake. Yalitangulia gari. Yalifika mtaani kwetu kabla ya pikipiki za mbele, mazito, matamu, kama matunda yaliyooza ndani ya chumba kilichofungwa, na Tunu akaanza kupiga chafya mgongoni kwangu.

Aliteremka amevaa jinzi pana kuliko zote nchini. Upande mmoja Msaidizi wa Suruali wa Kwanza, upande wa pili Msaidizi wa Pili, na nyuma Daktari Ngwandu, ikiwa suruali itawashinda. Kapelo yake iligeuzwa nyuma, na juu ya kapelo likawekwa taji. Vidole vyake vilijaa pete hadi havikuweza kukunjika, kwa hiyo alitupungia kwa kiganja kigumu, kama mtu anayesukuma mlango.

Hidaya na wasichana wake walicheza. Jamani, walicheza. Hawakuinua mguu kuliko kichwa cha Mtukufu, kwa hiyo walicheza chini kwa chini, wanateleza kama maji yaliyomwagwa, suti za marehemu zinapepea, tai zinachora duara. Hata askari walisahau midomo yao wazi. Nikasema moyoni, sakafu imepona.

Ndipo Mtukufu akaingia katikati. Muziki ukaendelea, kama adabu inavyotaka, ukimsubiri. Alisimama. Akaomba kipaza sauti. Muziki ukazimwa.

"Wanangu," alisema, "mimi nilikuwa hip hop kabla ya hip hop. Nikiwa tumboni mwa mama yangu nilipiga teke, na wakunga wakashuhudia kwamba lile teke lilikuwa na mdundo." Wapiga makofi walioletwa kwa basi wakapiga. Akanyanyua kiganja chake kigumu. "Sakafu hii niliimwaga mimi, kwa mapenzi yangu, ili mcheze. Wapo wasiopenda maendeleo wanaosema hapa palikuwa pajengwe zahanati ya wazazi. Uongo. Hapakuwa na zahanati, na hakuna mama aliyewahi kupungukiwa kitu hapa. Nani anahitaji zahanati? Watu wanaocheza hivi wanaumwa wapi?"

Akacheka. Meno yake yalikuwa yamefunikwa dhahabu, na kati ya dhahabu na dhahabu palikuwa na kipande cha nyama ya asubuhi.

Bwana Kisyeri, nyuma ya duara, alikuwa anakutanisha viganja vyake bila sauti kumwonyesha Hidaya jinsi ya kufanya. Hidaya aliinua mikono. Niliiona ikiinuka. Akanitazama mimi, akamtazama Tunu, akaishusha.

"Siwezi, wifi," alisema. Hakupaza sauti, lakini pale palikuwa kimya, wote tulisikia. "Hapa ndipo tulipomtandikia masweta."

Akageuka. Akampa Mtukufu mgongo, mgongo wa koti la babu yake lililotoka mshono. Msichana wa pembeni yake akageuka. Akafuata mwingine, duara likageuka lote kama ua linalofunga petali. Akina mama nyuma yao wakageuka. Sikumbuki kuamua, nilishtukia nami natazama barabara. Na kwa kuwa Tunu nilimbeba mgongoni, nilipogeuka mimi yeye akabaki anamtazama Mtukufu uso kwa uso. Katika mtaa mzima ni yeye peke yake. Nilimsikia akipiga chafya moja, ya kushiba.

*

Mkuu wa askari alikuwa ameshainua rungu. Kilichotuokoa ni mtangazaji wa runinga ya taifa, ambaye kazi yake ni kusifu kabla ya kutazama.

"Watazamaji," aliimba kwenye spika zote, "haya hatujawahi kuyaona. Wananchi wameshindwa kustahimili mng'aro. Wamegeuka kama mtu anavyolikwepa jua."

Mtukufu alifikiri. Kisha akatabasamu dhahabu yake yote. Mkuu wa askari alipoona tabasamu, rungu lililokuwa juu akalipunga kushoto na kulia kama bendera.

Wiki haikuisha, Sheria ya Mgongo ikapita. Kila inaposikika sauti ya Mtukufu, raia aigeuzie mgongo mpaka inyamaze; anayetazama atashtakiwa kwa ufedhuli. Viti vya bunge viling'olewa vikaelekezwa ukutani. Wanafunzi wakafundishwa ubao ukiwa nyuma yao. Katika hospitali ya wilaya daktari alimwacha mgonjwa mezani, tumbo limefunguliwa, akaenda kukabili dirisha, kwa sababu redio ya mapokezi ilikuwa imewashwa na Mtukufu alikuwa anaeleza jinsi alivyoboresha hospitali. Mheshimiwa Daktari Ngwandu alipewa nishani kwa kubuni mgongo. Walimvisha mgongoni.

Hidaya alimfuata Bwana Kisyeri akamkumbusha ahadi. Si Mtukufu alifurahi?

"Alifurahi mno," Bwana Kisyeri akasema, bila kumtazama. "Hapo ndipo penye tatizo, mdogo wangu. Angefurahi kidogo ningekuombea. Sasa pale ni mahali patakatifu, mgongo wa kwanza ulitolewa pale. Hapachezewi tena, si na wewe, si na mtu."

Wakaweka uzio, upande wa barabarani tu, ambako Mtukufu hupita. Katikati ya sakafu wakasimamisha nguzo yenye spika kubwa ya kutolea hotuba. Askari wakakalishwa kwenye geti, wakitazama sakafu usiku na mchana ili asiiguse mtu. Mkubwa wao aliitwa Koplo Sanguti. Hidaya alikaa ndani siku hizo, raba zake amezigeuza soli juu kama zimekufa.

Hotuba ya kwanza kutoka kwenye ile nguzo ilikuwa ya mbolea. Sauti ilipokohoa tu, Koplo Sanguti na wenzake wakasimama, wakaigeuzia migongo kama sheria inavyotaka, wakabaki wameikodolea macho barabara. Hidaya alikuwa dirishani. Aliitazama ile migongo. Aliutazama upande wa nyuma usio na uzio. Akazitwaa raba.

Mtukufu alizungumza mbolea mpaka jua likageuka, na kwa muda wote huo wasichana walicheza chini ya mdomo wake. Walifuata pumzi zake kama mdundo, anapokohoa wanaruka, anaporudia neno wanarudia mzunguko. Nilimuuliza Hidaya kama haogopi sheria. Akaniambia anaitii kuliko wote: akizunguka kwa kichwa, anampa Mtukufu mgongo pande zote. Koplo Sanguti hakugeuka, hana ruhusa. Lakini mabega yake niliyaona yakipanda na kushuka, na soli ya buti lake ilikuwa inagonga.

Ikawa hivyo. Anapohutubia samaki, wanacheza. Anapohutubia uzalendo, wanacheza sana, maana uzalendo ni mrefu. Tunu amejifunza kusimama pale, ameshika ile nguzo, sauti inamtetemesha viganja anacheka.

Juzi sauti haikuja. Jana pia. Wakasema Mtukufu koo limevimba. Wasichana walikaa kwenye kokoto wamefunga kamba za raba, wakitazama spika. Koplo Sanguti naye alikuwa anaitazama. Hidaya alikuwa ananiuliza kila mara, hivi wifi, mtu mzima kama yule leo hana hata moja la kutuambia?

Leo asubuhi nimechemsha tangawizi, nikatia asali na ndimu, nikamimina kwenye chupa ya chai ili Bwana Kisyeri ampelekee. Kabla ya kufunga kifuniko nilisimama pale jikoni, mdomo umejaa mate, nikiitazama ile chupa iliyo wazi na kuyakumbuka yale meno.

Nikayameza. Nikakaza kifuniko. Watoto wanasubiri.